Sumu ya mshale, pampu ya moyo na milango iliyokwama karakanani

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata ili tupige gumzo la historia. Msikimbie, kompyuta zitakuwepo kesho. Historia yenyewe ni ya sumu, ile ya mishale waliyopaka wawindaji wa kwetu tangu enzi na enzi, na jinsi ilivyosafiri kutoka nyika za Tsavo, Somalia na mto Shire mpaka maabara za Paris, Aarhus na Cleveland. Huko, si miaka mingi iliyopita, ilisaidia kujibu swali ambalo kwetu sisi waandika programu ni la kila siku: kitu kimeshatengenezwa, msimbo wake hauna kasoro, sasa mbona hakijafika kwa mtumiaji?

Kilichonitia kwenye mada hii ni kidonge. Hapa Kabiro nina jirani, mama wa makamo, ambaye vali za moyo wake ziliharibiwa na homa ya rumatiki akiwa mtoto, ile inayoanza kama maumivu ya koo ambayo hakuna aliyeyatilia maanani. Kila asubuhi humeza digoxin. Aliniomba nimwekee kengele kwenye simu asisahau, na nilipokuwa nabonyeza bonyeza akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma soma kwenye intaneti, ni kweli hii dawa ni sumu?" Nikamwambia, "Mama, nipe siku mbili." Zilikuwa wiki tatu. Jibu ni ndiyo, ni sumu, na ndiyo, ni dawa, na kipimo kinachotibu kimekaribiana mno na kipimo kinachodhuru. (Tahadhari mapema: kama wewe au mzazi wako anameza digoxin, usiache kwa sababu ya mwandika programu wa Kabiro. Ongea na daktari wako.)

Digoxin hutoka kwenye ua la Ulaya, digitali, ambalo daktari Mwingereza William Withering aliliandikia kitabu mwaka 1785. Lakini ina ndugu zake wa damu huku kwetu. Wakubwa wawili: mti wa Acokanthera, na mtambaazi uitwao Strophanthus. Acokanthera ndio msunguti wa Waswahili, mutsungu wa Wagiriama, kivai cha Wakamba, muricu wa Wakikuyu, olmorijoi wa Wamaasai. Mti ukiwa na jina katika kila lugha ya jirani, jua una kazi. Huota kwenye misitu mikavu na vichaka vya Afrika Mashariki, ni mti mdogo wenye majani magumu na maua meupe yanayonukia, na ukipita karibu nao huwezi kudhani una lolote.

Utengenezaji wa sumu ulikuwa ufundi kamili. Mbao na mizizi ilikatwa vipande vidogo, ikachemshwa kwa saa nyingi, maji yakachujwa na kuchemshwa tena mpaka ikabaki gundi nyeusi kama lami. Ilipakwa kwenye mshale nyuma ya kichwa cha chuma, kisha ikazungushiwa kipande chembamba cha ngozi ili isikauke na isimguse mwenye mshale. Wagiriama walisifika kwa kuipika, na Wakamba nao. Wawata, wale ambao majirani waliwaita Waliangulu, waliishi nyuma ya pwani kuelekea Tsavo na waliwinda ndovu kwa pinde ambazo kuzivuta kulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45. Ndovu mzima, tani tano au zaidi, kwa mshale mmoja!

Kitu kilichonivutia zaidi ni kwamba nyama ililiwa. Sumu hii haipenyi vizuri kwenye utumbo. Ikiingia kwenye damu inaua. Ukiila kidogo ndani ya nyama iliyopikwa, haikufanyi kitu. Wawindaji walikata sehemu iliyozunguka jeraha wakaitupa, nyingine wakapeleka nyumbani. Maana yake walikuwa wameshajua, bila maabara, njia ipi ya kuingia mwilini inafanya kazi na ipi haifanyi. Wazungu walikuja kuligundua jambo hilo hilo baadaye, na wakaamua kuwadunga wagonjwa wao kwenye mshipa badala ya kuwapa vidonge.

Hata mnyama mmoja anaijua kazi hiyo. Yuko panya mkubwa wa Afrika Mashariki, Lophiomys, mwenye manyoya marefu ya kijivu na mistari myeupe ubavuni. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tanganyika, pamoja na Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao, walichapisha kwamba panya huyu hutafuna gome la Acokanthera, analichanganya na mate, kisha anajipaka kwenye nywele maalum za ubavuni. Nywele hizo zina vitundu na hufyonza kama utambi wa taa. Mbwa akimng'ata, mbwa ndiye anayeanguka. Mwaka 2020 kundi jingine, Agwanda akiwemo tena, liliwanasa panya 25 huko Mpala, Laikipia, wakawawekea kamera na kuthibitisha tabia hiyo. Nasema haya kwa sababu napenda panya huyu, lakini pia kwa sababu habari za panya na sumu hii zitarudi muda si mrefu.

Sasa tuingie kwenye karne ya 19. John Kirk, daktari Mskoti, alikuwa kwenye msafara wa Livingstone wa mto Zambezi ulioanza 1858. Huko mto Shire, nchi ya Wamang'anja, sumu ya mishale iliitwa kombe na ilitoka kwenye ule mtambaazi, Strophanthus. Kirk alibeba sampuli. Mswaki wake ulikuwa umekaa mfuko mmoja na sumu hiyo, na aliposukutua alionja uchungu mdomoni, kisha akaona mapigo yake ya moyo, yaliyokuwa yamepanda kwa sababu ya mafua, yameshuka. Livingstone alikisimulia kisa hicho katika kitabu chao cha safari kilichotoka 1865. Kirk ni yule yule aliyekwenda Zanzibar mwaka 1866, akapanda cheo hadi kuwa balozi mkuu wa Uingereza, na ambaye jina lake liko kwenye habari za Sultani Barghash na kufungwa kwa soko la watumwa mwaka 1873. Wengi tulimsoma shuleni kwa hilo la pili. La mswaki hatukuambiwa.

Sampuli zikafika Edinburgh kwa Thomas Fraser, ambaye kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860 alionyesha kwamba sumu hii hushambulia misuli ya moyo yenyewe, akatoa dutu aliyoiita strophanthin. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ilikuwa inauzwa kwenye maduka ya dawa Uingereza. Mwaka 1888, Paris, Léon-Albert Arnaud alichukua mbao za Acokanthera zilizotoka kwa Wasomali, waliouita waabaayo, akapata fuwele safi. Akaziita ouabaïne. Basi neno la Kisomali, limeandikwa kwa masikio ya Kifaransa, limebaki kwenye lebo za chupa za maabara dunia nzima hadi leo: ouabain. Baadaye ilionekana kwamba dutu hiyo hiyo imo pia ndani ya aina moja ya Strophanthus. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja na imejaa kemikali za ndugu moja. Mwaka 1906 Albert Fraenkel, akiwa Strasbourg, aliwadunga strophanthin mshipani wagonjwa waliokuwa wanakata roho kwa kushindwa kwa moyo, na baadhi yao wakapata nafuu ndani ya dakika.

Tazama majina hayo: Kirk, Fraser, Arnaud, Fraenkel. Mpishi wa kombe aliyempa Kirk sampuli hana jina kwenye karatasi. Na huku nyumbani, utaalamu ule ule ukawa kosa la jinai. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na katika 1956 na 1957 David Sheldrick na Bill Woodley waliongoza operesheni kubwa dhidi ya wawindaji wa mishale. Wawata wengi waliishia gerezani. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, uliojaribu kuwaacha wawinde kihalali chini ya usimamizi, nao haukudumu. Sisemi uwindaji wa pembe haukuwa na madhara. Satao, ndovu mashuhuri wa Tsavo aliyekuwa na pembe zilizokaribia kugusa ardhi, aliuawa kwa mshale wa sumu mwaka 2014, na nilipoona picha niliumia kama wengine. Nasema tu kwamba katika miaka ile ile ya 1950 ambayo Mwata alikamatwa na chupa ya sumu, Ulaya watu walikuwa wanatumia sumu ile ile kufungua moja ya siri kubwa za mwili.

Siri hiyo ni hii. Seli zako zote zimefunikwa na utando, na ndani na nje ya utando huo chumvi hazilingani. Potasiamu ndani ya seli ya moyo ni takriban mara 35 ya iliyoko nje. Sodiamu ni kinyume, nje ndiyo nyingi. Tofauti hiyo ni kama betri iliyochajiwa. Moyo unapopiga, chaneli za ioni, yaani vijilango vya protini vilivyotobolewa kwenye utando, hufunguka na kufungwa kwa zamu, chumvi zinapita, na umeme unakimbia. Lakini betri lazima ichajiwe tena. Nani anachaji?

Mwaka 1953 Hans Jürg Schatzmann wa Bern alionyesha kwamba dawa za jamii ya ouabain huzuia chembe nyekundu za damu kusukuma chumvi. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Aarhus, Denmark, aliyekuwa anasaga mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa (ndiyo, kaa wa baharini), alipata kimeng'enya kinachochochewa na sodiamu na potasiamu kwa pamoja. Hakuwa na uhakika amepata nini. Mwaka 1958, kwenye mkutano Vienna, alimsimulia Mmarekani Robert Post. Post akamuuliza kama kimeng'enya chake kinazuiwa na ouabain. Skou hakuwa anaijua ouabain ni kitu gani! Alipoelezwa akapiga simu Aarhus wajaribu, na jibu likawa ndiyo. Kwa kipimo hicho kimoja ikajulikana kwamba kile cha kaa ndicho ile pampu yenyewe. Inatoa sodiamu 3 nje, inaingiza potasiamu 2 ndani, na kulipia kwa nishati. Skou alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997, miaka 40 baadaye.

Kwa hiyo mshale unaua namna gani? Ouabain inashika pampu kutoka nje na kuizima. Sodiamu inajaa ndani. Kuna kibadilishaji kingine, kilichoelezwa na Reuter na Seitz mwaka 1968, ambacho hutoa kalisi kwa kuruhusu sodiamu iingie. Sodiamu ikishajaa, nacho kinalegea. Kalisi inabaki ndani, na kalisi ndiyo inayokaza misuli. Kidogo kikizidi, moyo mchovu unapiga kwa nguvu: hiyo ndiyo dawa. Kikizidi sana, umeme unavurugika, moyo unatetemeka badala ya kupiga: huo ndio mshale. Jirani yangu na ndovu wa Tsavo wako kwenye mstari mmoja, tofauti ni kipimo.

Kwa miaka mingi hadithi iliishia hapo, na ni hadithi nzuri, imekamilika, iko kwenye vitabu vyote. Bahati nzuri wapo watu wasioridhika na hadithi zilizokamilika.

Tuhamie upande mwingine kidogo, nitarudi. Miongoni mwa vijilango vya moyo upo mmoja uitwao hERG. Jina lake lina kichekesho: mwaka 1969 watafiti Wamarekani waliona inzi wa matunda wenye kasoro fulani wakitikisa miguu kila wakilazwa kwa etha, kama wacheza dansi wa klabu za wakati ule, wakaiita jeni hiyo ether-à-go-go. Mwaka 1994 Warmke na Ganetzky wakapata ndugu yake kwa binadamu. Mwaka 1995, Utah, timu za Keating na Sanguinetti zikaonyesha kwamba mlango huu ndio unaotoa potasiamu mwishoni mwa kila pigo ili seli ipumzike, na kwamba jeni yake ikiharibika mtu hupata ugonjwa wa kurithi ambao pigo la umeme linachukua muda mrefu kupita kiasi. Kwenye kipimo cha umeme wa moyo nafasi iitwayo QT inarefuka. Watu hawa wanaweza kuonekana wazima kabisa, kisha simu inalia ghafla usiku, moyo unavurugika, na mtu anaanguka. Simu, kengele ya saa, mlio wowote wa kushtua. Tangu nilipolisoma hilo nimebadilisha mlio wa kengele ya jirani yangu ukawa wa taratibu, ingawa ugonjwa wake si huo.

Sasa, ukiwa mwandika programu, ukisikia "jeni imeharibika" unadhani mlango umetengenezwa vibaya: haufunguki, au unafunguka ovyo. Mimi nilidhani hivyo. Lakini mwaka 1998 maabara ya Craig January, Wisconsin, ilionyesha kwamba baadhi ya milango hiyo haifiki kabisa kwenye utando. Na mwaka 2014, baada ya kupima mabadiliko 167 ya jeni hiyo, ilibainika kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kasoro hizo ni za usafirishaji. Mlango upo. Umekwama njiani.

Njia yenyewe iko hivi. hERG ni mnyororo wa asidi amino 1,159. Minyororo minne hukunjwa na kuunganishwa kuwa mlango mmoja ndani ya mtandao wa vifuko na mirija ulioko katikati ya seli; mimi nauita karakana. Karakana ina wakaguzi, protini ambazo kazi yao ni kugusa gusa kila bidhaa. Kilichokunjwa vibaya kinarudishwa au kinasagwa. Kilichopita kinapelekwa kituo cha pili, Golgi, kinaongezewa sukari, kisha kinapakiwa kwenye vifuko vidogo. Vifuko haviogelei vyenyewe. Vinabebwa na protini zinazotembea juu ya nyuzi ngumu, mikrotubuli, kama matatu za 46 zinavyopita Valley Road kutoka Kawangware kwenda mjini: barabara ni moja, zipo za kwenda na zipo za kurudi, na abiria akikosa kupakiwa kwenye steji, uzuri wa barabara haumsaidii.

Nikiri kwamba nilifurahia sana jinsi wanavyolifuatilia jambo hili. Wanachukua protini zote za hERG kutoka kwenye seli, wanazichuja kwa uzito ndani ya ute, wanapata mistari miwili. Wa chini, uzito 135, ni milango ambayo bado iko karakanani. Wa juu, uzito 155, ni iliyopata sukari yote na kuondoka. Mstari wa juu ukififia na wa chini ukibaki, unajua bidhaa inatengenezwa lakini haisafirishwi. Ni kama kusoma logi za seva: mistari miwili tu inakuambia tatizo liko hatua ipi.

Mwaka 2007 timu ya Eckhard Ficker, huko Cleveland, Ohio, ilichapisha jambo lililonifanya niandike makala hii. Walichukua seli za binadamu zinazotengeneza hERG, wakaziwekea ouabain, digoxin na digitoxin kwa viwango vidogo sana, vinavyokaribiana na vile vinavyopatikana kwenye damu ya wagonjwa, wakaziacha usiku kucha. Kesho yake mstari wa juu ulikuwa umefifia. Milango ilikuwa imebaki karakanani! Walijaribu pia seli za moyo wa simbilisi, yule mnyama mdogo anayefugwa kama sungura, na umeme wa hERG ukapungua.

Kwa nini simbilisi, si panya wa kawaida wa maabara? Hapa ndipo panya anaporudi. Price na Lingrel walionyesha mwaka 1988 kwamba tofauti chache tu za asidi amino kwenye pampu ya panya wa maabara humfanya astahimili ouabain kupita binadamu, mara mamia hadi elfu. Ukimpima sumu hii panya huyo unapata jibu zuri lisilo na maana. Ni kama kujaribu programu kwenye mashine yako ambayo ina kila kitu, kisha unashangaa mteja analalamika.

Mwaka 2009 timu hiyo hiyo ikaeleza sababu. Pampu ikizimwa, sodiamu inajaa, lakini pia potasiamu inapungua ndani ya seli. Na mlango wa hERG una koo jembamba katikati ambalo hushikiliwa wima na potasiamu yenyewe. Bila potasiamu ya kutosha karakanani, mlango haujengeki imara, na wakaguzi wanaukataa. Mlango wa potasiamu unahitaji potasiamu ili uruhusiwe kuondoka. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu.

Lakini tusirukie hitimisho. Ndovu wa Tsavo hakufa kwa sababu hii. Mlango wa hERG ukishafika kwenye utando unakaa. Takriban nusu huondolewa baada ya saa 10 au 12 hivi. Karakana ikifungwa sasa hivi, moyo unaendelea na milango iliyopo kwa saa kadhaa, na ndovu aliyepigwa vizuri hana saa hizo. Yeye anauawa na pampu. Na kwa wagonjwa wanaomeza digoxin, nafasi ya QT kwa kawaida inafupika, hairefuki, kwa sababu athari za kalisi ndizo zenye nguvu. Kwa hiyo sumu hii ina saa mbili: ya haraka, ambayo Wagiriama waliipika na Skou akaipatia jina, na ya taratibu, ambayo haionekani mpaka uache seli zilale mpaka asubuhi.

Saa hiyo ya taratibu ndiyo yenye uzito kwa watu. Miaka ya 1990 iligundulika kwamba dawa nyingi za kawaida huziba hERG kama kizibo kwenye chupa. Dawa ya mzio terfenadine iliondolewa Marekani mwaka 1998 kwa sababu hiyo. Hata halofantrine ya malaria, ambayo wakubwa wetu hapa Kenya wanaikumbuka kwa jina la Halfan, ilipatikana na kosa hilo hilo. Watengenezaji wa dawa wakaanza kupima kila dawa mpya: weka dawa juu ya seli, subiri dakika kadhaa, angalia kama mlango umezibwa. Mwongozo wa kimataifa wa vipimo hivyo ulitoka 2005. Kwa kizibo ni kipimo kizuri sana. Kwa dawa inayofunga karakana ni bure, kwa sababu ndani ya dakika kadhaa hakuna kitakachobadilika.

Na dawa ya namna hiyo ilikuwa tayari imeshadungwa mamilioni ya Waafrika. Pentamidine, dawa ya malale, ilitumika kwa kampeni za sindano za halaiki katika Kongo ya Wabelgiji na makoloni ya Ufaransa kuanzia miaka ya 1940, watu wakipangwa mstari kijiji baada ya kijiji, wengi wao wazima, kama kinga. Miaka ya 1980 ilipotumika kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye nimonia, madaktari wenye mashine za umeme wa moyo kando ya kitanda wakaanza kuona QT ikirefuka na mioyo ikivurugika. Ukiiweka juu ya seli kwa kiwango cha matibabu na kupima papo hapo, hERG inafanya kazi kama kawaida. Ni mwaka 2005 ambapo Ficker na wenzake waliacha seli na pentamidine usiku kucha na kuona mstari wa juu umefifia.

Kwenye vijiji vile vya Kongo hapakuwa na mashine ya kurekodi umeme wa moyo. Aliyeanguka siku kadhaa baada ya sindano aliandikwa, kama aliandikwa, kwamba amekufa kwa malale au kwa homa.

Tangu 2018 kuna vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa hasa Kongo, na mwongozo wa WHO wa 2019 ukaviweka mbele kwa wagonjwa wengi wa malale ya aina ya gambiense. Pentamidine imebaki kwa watoto wadogo ambao bado hawajafikisha umri wa miaka 6 au uzito wa kilo 20, ugonjwa ukiwa haujafika kwenye ubongo. Hudungwa mara moja kwa siku, kwa siku saba.